Kalipa nyepesi kwa baskeli ya resi: shika rula kabla ya mizani

Anayetaka kupunguza uzito wa baskeli ya resi hufika mapema kwenye kalipa za breki, yaani ile mikono inayobana raba kwenye ringi. Inaeleweka: zinafunguka kwa spana moja, gramu zake zimeandikwa kwenye kila tangazo, na ukizishika jozi mbili mkononi tofauti unaihisi. Kwa anayepanda Unguja na Pemba, hata hivyo, gramu huja mwisho. Kabla yake kuna urefu wa mikono ya kalipa, aina ya shimo kwenye fremu, kiasi cha waya kinachovutwa na shikio (kile unachokibana kwenye usukani), upana wa tairi, na chumvi. Ukikosea moja kati ya hayo, kalipa ya bei kubwa itaishia kwenye droo.

Tunazungumzia breki zinazobana ringi. Kalipa za diski ni habari nyingine, hazifungwi kwenye fremu hizi na hakuna fundi atakayekugeuzia. Kwa kweli huu ni wakati mzuri wa kutafuta za ringi. UCI, shirikisho la baskeli duniani, iliruhusu rasmi diski kwenye mashindano ya barabarani Julai 2018, viwanda vikahamia huko, na Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri, wakatoa seti yao ya 105 ya gia 12 kwa diski tu. Kalipa nzuri zilizovuliwa kwenye baskeli za waliohama zimebaki, na nyingi bado zina umri mrefu mbele yao.

Gramu zenyewe

Jozi ya Shimano 105 R7000 ina kiasi cha gramu 380. Ultegra R8000, daraja la juu yake, ni kama 360, na Dura-Ace R9100, la juu kabisa, kama 325. SRAM Red iko karibu na 240. Cane Creek eeBrake hushuka chini ya 180, na THM Fibula ya kaboni, kutoka Ujerumani, iko karibu na 120. Kalipa zisizo na jina zinazokuja na baskeli za mtumba mara nyingi hupita 400, hasa zile zenye mikono ya chuma. Hizi ni hesabu za kalipa mbili pamoja, ya mbele na ya nyuma. Wauzaji wengine hutaja moja, wengine huvua raba kabla ya kupima, kwa hiyo uliza kabla ya kulinganisha, au beba mizani ndogo ya jikoni.

Sasa ipige hesabu hiyo barabarani. Mpandaji na baskeli yake tuseme ni kilo 80. Ukitoa gramu 150 umetoa chini ya asilimia 0.2. Kwenye mlima mkali, ambako karibu nguvu yote inakwenda kubeba uzito juu, mpando wa dakika 10 utapungua kwa sekunde 1 hivi. Na mlima wa dakika 10 kwetu haupo: hakuna mahali Unguja wala Pemba panapofika mita 150 juu ya bahari. Pemba ina vilima vya kupanda na kushuka, anayetoka Mkoani kwenda Chake anavijua, lakini kila kimoja ni kifupi. Kwenye tambarare ya kwenda Paje, kusi ikikupiga usoni, unapigana na upepo, na upepo hauulizi kalipa ina gramu ngapi. Tena kalipa hazizunguki. Gramu yake ni gramu ya kawaida, sawa na ile iliyo kwenye chupa ya maji.

Faida ya kweli ya kalipa za daraja la juu iko kwenye utengenezaji. Mikono yake imefuliwa kwa shinikizo, si kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo haipindi ukibana kwa nguvu. Egemeo, yaani pini ambayo mikono inazungukia, lina bushi nzuri au beringi, halitetereki, na springi inarudisha mikono yote miwili kwa pamoja. Shikio linakuwa laini na unaweza kupima nguvu ya kubana kidogo kidogo. Hicho ndicho unachokihisi kila safari, na ndicho ningekilipia.

Uzito hupunguzwa kwa njia chache tu: kuchimba matundu na mifereji kwenye mikono, kutoboa bolti za egemeo, kutumia titani na kaboni, au kuondoa vitu kama kile kishikizo kidogo kinachofungua kalipa wakati wa kutoa gurudumu. Campagnolo walifika mbali zaidi, wakaweka kalipa ya egemeo moja nyuma na ya maegemeo mawili mbele, kwa hoja nzuri kwamba ukifunga breki uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma halihitaji nguvu nyingi. Njia hizo hazilingani kwa usalama. Matundu yaliyochorwa na kiwanda kinachojua kazi yake hayana neno. Mkono uliochongwa mwembamba na kiwanda kisichojulikana utapinda, na kupinda kwake utakuhisi kama shikio linaloingia mpaka kugusa usukani bila baskeli kupunguza mwendo.

Urefu wa mikono

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu picha kwenye simu haionyeshi urefu.

Weka gurudumu utakalolitumia, likae sawasawa kwenye foku. Chukua rula ya chuma yenye milimita. Pima kutoka katikati ya shimo la bolti ya breki, kushuka wima, mpaka usawa wa katikati ya ukuta wa ringi, pale raba inapobana. Usipime kwa mshazari kufuata upande wa tairi, utajidanganya kwa milimita kadhaa. Pima mbele, kisha nyuma, maana hazilingani siku zote.

Ukipata kati ya 39 na 49, unahitaji kalipa fupi, na karibu zote nyepesi ni za kundi hili. Ukipata kati ya 47 na 57, unahitaji za wastani: Shimano walitengeneza BR-R650 na BR-R451, Tektro wana R539. Zaidi ya hapo kuna Tektro R559, inayofika 55 mpaka 73. Kadiri mkono unavyorefuka chini ya egemeo ndivyo nguvu inayofika kwenye raba inavyopungua na ndivyo chuma kinavyopinda, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuongeza unene. Mwenye fremu ya 55 asitarajie kushuka sana chini ya gramu 300 kwa jozi.

Baskeli nyingi za resi za zamani zinazoshuka kwenye makontena zilitengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27, ambayo ringi yake ina kipenyo cha milimita 630. Ukiweka ya 700C, yaani 622, ukuta wa ringi unasogea mbali na shimo kwa milimita 4. Fremu iliyopima 46 sasa inapima 50, na kalipa fupi imekwama milimita 1 kabla ya kufika. Hapo utasikia pendekezo la kuchukua tupa na kurefusha ule mwanya wa raba kwa kuukata chini. Kataa. Ncha ya mkono ndipo nguvu yote inapopita, na kuikata milimita 2 ni kuiacha na ukingo mwembamba utakaopasuka siku ya kubana kwa ghafla. Kulazimisha raba ikae juu mno pia si suluhisho, kwani inakula ubavu wa tairi mpaka tyubu ipasuke. Ikikaa chini mno inateleza chini ya ringi na kuingia kwenye spoki.

Shimo na nati

Fremu za kisasa zina shimo la milimita 8 upande wa nyuma wa kichwa cha foku, na nati yake ni ndefu, ya duara, inazama ndani na inafungwa kwa spana ya L ya 5. Fremu za zamani zina shimo la 6 pande zote na nati ya nje ya spana 10. Karibu kila kalipa nyepesi inataka nati ya kuzama. Kwenye foku ya chuma unaweza kupanua shimo la nyuma tu kwa kekee ya 8, la mbele ukaliacha kama lilivyo. Kwenye foku ya kaboni usiguse kekee kabisa.

Nati za kuzama zina urefu tofauti, kuanzia kama milimita 10 mpaka 32. Kwenye mtumba ndicho kitu kinachopotea kwanza, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa. Bolti lazima iingie ndani ya nati kwa mizunguko 8 au zaidi. Ikiingia mitatu na ikahisi imekaza, imeshika ncha za nyuzi tu, na nyuzi hizo zitang'oka. Zipo pia kalipa zinazofungwa kwa bolti mbili moja kwa moja kwenye fremu. Ni nzuri sana, lakini haziingii kwenye fremu ya shimo moja kwa njia yoyote.

Shikio na mvuto wa waya

Mashikio ya Shimano ya kizazi cha 7800, 6600 na 5600 (namba za Dura-Ace, Ultegra na 105 za zamani) huvuta waya kidogo. Kuanzia 7900, 6700 na 5700 yanavuta zaidi, na kalipa zake zikabadilishwa kulingana na hilo. Ukichanganya utaona mambo mawili yanayopingana. Shikio jipya na kalipa ya zamani: linahisi gumu, raba zinagusa mapema, na breki ni dhaifu. Shikio la zamani na kalipa mpya: safari ya shikio inakuwa ndefu, kisha breki inashika kwa ukali kuliko ulivyokusudia. La kwanza ni hatari kwenye mvua, la pili ni hatari kwenye mchanga. Shimano wenyewe hawaruhusu mchanganyiko huo.

Mashikio ya breki za V, zile za baskeli za milimani, yanavuta waya mwingi zaidi ya hayo yote. Hayafai kabisa kwa kalipa hizi, hata kama fundi ataweza kuyafunga. Na kama mashikio yako ni ya Campagnolo, kumbuka kwamba kitufe cha kulegeza breki kiko kwenye shikio. Kalipa za Campagnolo hazina kishikizo hicho, kwa hiyo ukizitia kwenye mashikio ya Shimano, siku ya pancha utatoa upepo wa tairi nene kabla gurudumu halijatoka.

Tairi

Kwa barabara zetu ningeweka tairi la upana wa milimita 28, si la 23. Lami ikiisha unakuta kifusi cha matumbawe chenye makali, na pembezoni mwa lami kuna mchanga. Kalipa za R7000, R8000 na R9100 zimetengenezwa zipokee 28. Nyingi za kabla yake ziliishia 25, na baadhi ya kalipa nyepesi sana za miaka ya nyuma zilibuniwa kwa tairi la 23 na ringi nyembamba. Pima nafasi kati ya juu ya tairi lililojazwa upepo na tumbo la kalipa: iwe milimita 4 au zaidi. Chini ya hapo, kokoto moja iliyoganda na lami itasaga tumbo la kalipa mpaka rangi itoke, na pale rangi ilipotoka ndipo chumvi inapoanzia.

Ukilazimika kuchagua kati ya kalipa ya gramu 240 inayokubali 25 na ya gramu 360 inayokubali 28, chukua ya pili bila kujadiliana na nafsi.

Chumvi

Alumini iliyopakwa vizuri inavumilia. Tatizo ni pale metali mbili zinapokutana na kati yake pana unyevu wa chumvi. Bolti ya chuma ndani ya alumini, titani ndani ya alumini, kaboni iliyogusana na alumini: kote huko alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, unga unavimba, bolti inashikamana, na ukijaribu kuifungua kichwa chake kinakatika. Hii ndiyo sababu sipendekezi kalipa za kaboni kwa baskeli inayolala Jambiani au Makunduchi, ambako kusi inaleta rasharasha, wala kwa ya kwingineko pwani ya mashariki wakati wa kaskazi. Mkono wa kaboni wenyewe haushiki kutu. Vipande vya alumini vilivyogandishwa ndani yake ndivyo vinavyoliwa, na huvioni.

Bolti za titani zinauzwa kama njia rahisi ya kupunguza gramu. Titani ina uzito wa kiasi cha asilimia 56 ya chuma, kwa hiyo bolti ya gramu 6 inakuwa ya gramu 3 na nusu. Kama unataka, badilisha zile zinazoshika raba, na upake grisi ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi zote. Bolti ya katikati, ile inayoishikilia kalipa kwenye fremu, iache ya kiwandani. Bolti ya titani isiyo na jina, au mbaya zaidi ya alumini yenye rangi nzuri, haina nafasi hapo. Bolti ndogo zilizooza zinaweza kubadilishwa kwa chuma cha pua chenye alama ya A4 kichwani, kile kile wanachotumia watu wa boti. Alama ya A2 nayo ni chuma cha pua, lakini kwa hewa ya bahari itapata madoa mapema.

Dalili ya egemeo lililoanza kuganda inaonekana kwa macho. Bana shikio kisha liachie polepole, huku ukitazama raba mbili. Moja inarudi, nyingine inachelewa au inabaki imegusa ringi. Wengi wanakimbilia skrubu ya kusawazisha, inakaa sawa siku mbili, inarudi pale pale. Springi haina nguvu ya kulisukuma egemeo lililojaa chumvi na vumbi. Vua waya, shika mikono ya kalipa, ifungue na kuifunga kwa vidole. Ikikwaruza, ioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yenye sabuni, ikauke, tia tone moja la mafuta mepesi kila egemeo, ichezeshe mara nyingi, kisha futa yote yaliyotoka nje kwa tambara.

Maji ya kuoshea yawe baridi kweli. Visima vingi vya karibu na pwani vina uchumvi, na kuosha breki kwa maji hayo kisha kuiacha ikauke juani ni kuipaka chumvi kwa mkono wako. Baada ya kupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, lita 2 za maji ya mvua au ya bomba zinatosha kwa kalipa zote mbili; mimina taratibu, usitumie mpira wa shinikizo unaosukuma mchanga ndani ya egemeo. Mafuta ya nazi yaache jikoni: yanaganda na kunata, yanashika vumbi, na baada ya muda egemeo linakuwa na ugando wa kahawia. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri lakini yasifike kwenye raba.

Raba

Kabla ya kununua kalipa mpya, badilisha raba na nyaya kwenye zile ulizonazo. Ni gharama ndogo, na mara nyingi tatizo lililokufanya uone kalipa zako hazifai linaishia hapo. Raba nyeusi ngumu za bei rahisi zinateleza kwenye mvua. Wakati wa masika raba za Kool-Stop za rangi ya samoni, ile pinki ya machungwa, zinashika vizuri zaidi kwenye ringi ya alumini iliyolowa na hazili ringi haraka. Ringi za kaboni zinataka raba zake maalumu, na raba iliyowahi kutumika kwenye alumini isirudi kwenye kaboni.

Toa gurudumu, geuza raba kwenye mwanga, uitazame uso wake. Utaona vimetameta vidogo vya alumini vilivyozama, na pembeni yake chembe nyeupe za matumbawe zilizojichimbia shimo. Kila chembe ni kisu kidogo kinachochora mstari kwenye ringi kila unapobana. Zichokonoe kwa sindano au ncha ya pini, kisha piga uso msasa mpaka mng'ao upotee. Angalia na ringi pia: weka ukingo wa rula kwenye ukuta wake; ukiona mwanga unapita katikati, ukuta umeshaliwa na kuingia ndani. Ringi nyingi zina mfereji au kitone cha kuonyesha uchakavu, na kikishafutika ringi imekwisha. Hakuna kalipa itakayoiokoa.

Kununua za mtumba

Sokoni Darajani, mjini Unguja, au kwingineko, ishike kalipa na ujaribu haya hapo hapo. Tikisa mikono mbele na nyuma: mchezo mdogo sana unakubalika, kutetereka hakukubaliki. Ibane kwa mkono na uiachie, irudi kwa mlio mmoja mkavu. Tazama kwa karibu kuzunguka egemeo na bolti ya katikati kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Fungua bolti inayobana waya; mfereji wake usiwe umeliwa kiasi cha waya kuteleza. Zungusha kirekebishi cha waya, maana kikiwa kimeganda kwa chumvi hakitafunguka tena bila kukatika. Hesabu: washa yenye meno iliyo nyuma ya kalipa, nati ya kuzama, vibebeo 4 vya raba na skrubu zake ndogo. Kalipa ya daraja la juu isiyo na nati wala vibebeo inaweza kukugharimu zaidi ya ile iliyo kamili ya daraja la chini yake.

Kufunga

Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti ya katikati. Pitisha, ingiza nati, kaza mpaka 8 hadi 10 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Usipokuwa na spana ya kipimo, spana ya L yenye mkono wa sentimita 10 ukiivuta kwa nguvu ya uzito wa ndoo ya lita 10 ya maji unakaribia 10 Nm. Bolti ya waya inataka 6 hadi 8, ya kibebeo cha raba 5 hadi 7. Ile skrubu ndogo inayozuia raba isichomoke ni 1 tu, kwa hiyo tumia vidole viwili.

Waya wa breki una unene wa milimita 1.6 na kava lake ni la 5. Kava la gia, la 4, lisitumike kwenye breki: nyuzi zake zimelala kwa urefu, zikibanwa kwa nguvu zinachanua na kutokeza pembeni. Waya wa madukani mara nyingi una vichwa viwili tofauti. Kichwa kidogo chenye umbo la pea ndicho cha mashikio ya resi, kile cha pipa kikate. Kata kava kwa koleo kali, sawazisha ncha kwa tupa mpaka iwe bapa, kisha fungua bomba la ndani kwa sindano. Kava lililokatwa mshazari ndilo sababu ya kawaida ya breki mpya kuhisi kama sifongo, na watu huilaumu kalipa.

Vibebeo vya raba vina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Upande wa wazi utazame nyuma ya baskeli. Ukigeuza, ringi inayozunguka itaisukuma raba itoke yote mara ya kwanza unapobana kwa nguvu. Herufi L na R na mshale viko hapo kwa sababu hiyo. Raba ikae yote kwenye ukuta wa ringi, iache milimita 1 juu kabla ya tairi. Ncha ya nyuma ipe nafasi ya nusu milimita kwa kuweka kipande cha kadi nyembamba wakati wa kukaza, ili ncha ya mbele iguse kwanza na breki isipige kelele. Kati ya raba na ringi acha milimita 1.5 hadi 2 kila upande.

Kabla ya kubana waya, amua breki ya mbele itakuwa mkono upi. Baskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida zina ya mbele kulia, za bara la Ulaya kushoto. Kwenye mtumba wetu zote zinakutana. Ukibadili, badili ukijua, na mwambie kila anayeazima baskeli hiyo.

Ukimaliza, bana shikio kwa nguvu zako zote mara 10 ukiwa umesimama. Waya utanyooka, ncha za kava zitakaa, na kama bolti ya waya imelegea itateleza hapo badala ya kuteleza kwenye mteremko. Vuta waya tena, kaza, sawazisha, kisha jaribu barabarani pasipo mchanga, kwanza polepole.

Kama pesa inatosha kalipa moja tu, inunue ya mbele. Hapo ndipo breki inapofanya kazi kubwa, na kalipa ya zamani ya nyuma inaweza kuendelea kwa muda mrefu ikiwa na raba mpya. Angalia tu usiuziwe ya nyuma: bolti ya katikati ya kalipa ya mbele ni ndefu zaidi, kwa sababu kichwa cha foku ni kinene kuliko daraja la nyuma la fremu. Ya nyuma mbele huenda ikashika kwa nati ndefu ya 27 au 32, ilimradi mizunguko 8 inatimia na shimo la foku limenyooka. Isipotimia, irudishe dukani.